Intaneti kwenye boti: mwaka mzima nanunua bando, kumbe tatizo lilikuwa waya

Mi nina boti ndogo ya tanga, futi 30, ya faiba, naiweka nangani hapa Raskazone. Kaskazi likivuma napeleka wageni, wawili watatu hivi kwa safari, tunashuka Maziwe na Ushongo, tukipata upepo mzuri tunavuka Pemba tunalala Njao au Misali, siku nne tano tunarudi Tanga. Kusi likikaza naipumzisha boti narekebisha vitu vyake. Naandika haya kwa sababu kila siku napigiwa simu na wenzangu wa boti wakiniuliza nimetumia antena gani, na swali hilo ndo nililokuwa nauliza na mimi mwanzoni, na limenipotezea hela nyingi sana.

Kilichonifanya niamue ni hiki. Mwezi wa kwanza mwaka 2023 tulikuwa Njao, wageni wamefurahi, samaki wapo, mtandao hakuna, nikasema haidhuru kesho kutwa tunarudi. Siku ya kurudi tumeshavuka mkondo wa Pemba wote, kisiwa cha Yambe nakiona mbele, simu ikaanza kutetemeka mfukoni haiachi. Meseji 17 kwa mpigo, zote za mdogo wangu. Ya kwanza ilikuwa ya siku mbili nyuma, "kaka mama amezidiwa tunampeleka hospitali," afu "uko wapi," afu "kaka pokea," afu "kaka pokea simu tafadhali," mpaka ile ya mwisho imeandikwa tu "sawa." Mama alipona, alhamdulillah, lakini lile neno sawa sijalisahau mpaka leo. Nikajiambia boti hii haivuki tena bila njia ya watu wangu kunipata.

Sasa hapo ndo nikaanza kununua. Nilibadilisha simu, nikaambiwa hiyo inashika mtandao vizuri. Nikachukua laini ya pili, nikanunua bando kubwa la mwezi, nikanunua ruta ya laini yenye matundu mawili ya antena kwa nyuma, mwisho nikaagiza antena ndefu ya faiba nyeupe, ile ya kusimama kama fimbo. Nikamwomba kijana apande mlingoti akaifunga juu kabisa, maana akili ya kawaida inasema ukitaka kuona mbali panda juu, waya ukateremka ndani ya mlingoti mpaka kwenye meza ya ramani ilipo ruta. Mita 15 za waya mwembamba mweusi, ule wa redio ambao unene wake ni kama penseli au hata pungufu. Nikawasha na moyo unanidunda. Vijiti viwili. Simu yangu nikiwa nimesimama tu pale shetrini, yaani nyuma ya boti, bila antena yoyote, vijiti vitatu.

Nikadhani ruta mbovu. Nikabadilisha ruta, hali ni ileile. Nikadhani antena feki, nikaagiza nyingine, hali ileile. Msimu mzima ukaisha hivo, nikiwa Ushongo wageni wanakaa sitahani wanashika simu zao juu kama wanapiga dua na mimi nimeshawaahidi wifi ipo, aibu hiyo nisiisimulie.

Kuna mzee mmoja Ngamiani, fundi redio wa siku nyingi, alikuwa anatengeneza redio za mabaharia toka enzi hizo. Nikamwendea na ruta yangu kwenye mfuko. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, nikamweleza yote. Hakuigusa ruta. Akaniuliza, "Waya wako mrefu kiasi gani?" Nikamwambia mita kumi na tano. "Mnene kiasi gani?" Nikamwonyesha kwa kidole. Akanyamaza kidogo afu akasema, "Mwanangu, wahenga walisema pakacha kuvuja nafuu kwa mchukuzi. Lakini hapa mchukuzi ni wewe, na kinachovuja ndo hichohicho unachokitaka ufike nacho nyumbani."

Akanieleza. Antena haitengenezi mtandao, inaokota tu kile kilichopo hewani, nacho ni kidogo mno, na kuanzia hapo kila mita ya waya inakula. Waya ule mwembamba kwenye masafa ya 4G ya megahezi 1800 kila mita nne hivi nusu ya nguvu imepotea. Mita nne nusu, mita nane imebaki robo, mita kumi na mbili imebaki thumni, mpaka ifike mita 15 kilichobaki hakifiki hata moja ya kumi ya kile antena ilichookota kule juu. Na wakati wa kutuma ni hivohivo kinyume chake, ruta inapiga kelele mnara hausikii. Kwa hiyo faida yote niliyoipata kwa kupanda juu niliimwaga njiani wakati wa kushuka, na zaidi.

Nikamwuliza kwa hiyo antena ishuke? Akasema twende kwenye boti kwanza.

Alikuja na kisu, koleo na ka mita kadogo ka umeme. Antena tulikuwa tumeishusha, akashika ile ncha ya waya ilipokuwa imefungwa na antena, nilikuwa nimeizungushia tepu nyeusi ya umeme mara nyingi sana nikijua nimeziba. Akakata sentimita kumi chini ya kiungio, akachana ganda kwa kisu taratibu kama mtu anavyomenya muhogo, akanipa nishike. Zile nyuzi za shaba zilizosukwa ndani, ambazo zinatakiwa ziwe na rangi ya shaba inayong'aa, zilikuwa kijani kibichi kwa nje na nyeusi kwa ndani, nikizisugua na kidole zinavunjika kama majani makavu, na ukikunja kipande kile ncha inatoa tone. Nikaonja. Chumvi. Akakata kumi nyingine, bado kijani. Akakata tena. Tulikata mpaka tukapita mita moja na nusu ndo tukaona shaba yenye rangi yake. Akasema maji ya bahari yakishaingia kwenye ncha hayakai pale, nyuzi zile zinayafyonza kama utambi wa kibatari unavyofyonza mafuta ya taa, yanatembea ndani huku nje waya unaonekana mpya kabisa. Na ile tepu nyeusi haizuii, gundi yake inayeyuka kwa jua la Tanga inaacha njia, tena inashikilia maji yasikauke.

Nilikaa pale sitahani nikaangalia vile vipande. Mwaka mzima huo.

Haya, antena iwekwe wapi. Hapa watu wengi wanabisha kwa hiyo naeleza kwa hesabu. Mawimbi ya simu yanaenda karibu sawa na jicho linavyoona, dunia ikijikunja nayo yanaishia, ila yanapinda kidogo zaidi ya jicho. Kadirio lake chukua urefu wa kitu kwa mita, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita. Mnara wa mita 45 unaona kilomita 27 na ushee. Mtu amesimama sitahani simu iko mita 2 juu ya maji, kilomita karibu 6. Jumlisha, kama 33. Juu ya mlingoti wangu ni mita 11, hiyo ni kilomita 13 na nusu hivi, jumla 41. Na nguzo ya shetrini ya mita 4 ni kilomita 8, jumla kama 36. Unaona sasa, kazi kubwa inafanywa na urefu wa mnara, sio mlingoti wako. Kati ya nguzo ya shetrini na kilele cha mlingoti tofauti ni kilomita 5, na kwa hizo 5 nilikuwa nalipa mita 15 za waya. Nikaacha. Nikachomelewa nguzo shetrini karibu na paneli za sola, antena mbili juu yake zimeachana kidogo, kwa sababu ruta za 4G zinatumia njia mbili kwa pamoja na ukichomeka antena moja tu unajipunguzia spidi. Waya mnene, ule wa karibu unene wa kidole kidogo, mita 3 tu kila mmoja mpaka kwenye ruta. Wapo wanaoweka ruta yenyewe juu mlingotini ndani ya boksi halafu wanashusha waya wa mtandao wa kawaida, ambao haupotezi kitu kwa urefu huo, na ni njia nzuri kama ruta imetengenezwa kukaa nje. Yangu ni ya ndani, jua la mwezi wa pili lingeipika.

Na msinunue ile antena ya kuelekeza sehemu moja, iliyokaa kama mifupa ya samaki. Nyumbani Muheza itakufaa sana. Boti ikiwa nangani inazunguka, maji yakijaa inaangalia huku, yakipwa inaangalia kule, upepo wa nchi kavu ukija alfajiri imegeuka tena, na kila ikigeuka antena inapishana na mnara.

Viungio nafanya hivi sasa hivi. Ncha inakazwa vizuri, inazungushwa tepu ile ya mpira ambayo haina gundi, unaivuta mpaka inarefuka inajigandisha yenyewe inakuwa kitu kimoja, juu yake ndo tepu ya kawaida kuikinga na jua. Na kabla waya haujaingia ndani ya boti unaacha unaning'inia kidogo upate tumbo, ili maji yanayotembea juu ya waya yadondokee pale chini kwenye tumbo yasifuate waya mpaka kwenye tundu. Ni kitu cha bure kabisa.

Baada ya hapo acha kuhesabu vijiti. Vijiti kila simu inachora inavyotaka. Ingia kwenye ukurasa wa ruta kuna namba imeandikwa RSRP, ndo nguvu ya mtandao unaokufikia, inakuja na alama ya kutoa, kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo bora. Nangani Ushongo na ule waya wa zamani nilikuwa nasoma -112, hapo hata picha haiendi. Na nguzo ya shetrini mahali palepale nasoma -95, -94, naongea na nyumbani kwa video. Mnara ni uleule na laini ni ileile.

Umeme nao ulinitesa, ila kwa ufupi. Ruta imeandikwa 12V na betri imeandikwa 12V, ukadhani ni ndugu. Betri ya boti sola ikiwa inachaji inapanda mpaka 14.4, na ukipiga stata ya injini inaporomoka chini ya 11. Ruta yangu moja iliungua mchana kweupe, na nyingine ilikuwa inajizima kila nikiwasha injini, inachukua dakika mbili tatu kuamka, yaani kila nikitoka nangani mtandao unakata na nilikuwa naulaumu mnara. Dawa yake ni kile kiboksi kidogo cha kusawazisha volti, unaingiza 10 mpaka 15 kinatoa 12 muda wote. Usitumie inveta, unageuza 12 kuwa 230 halafu chaja inairudisha 12, umeme unaishia kwenye joto. Ruta yangu inakula kama ampea 0.6, masaa 24 ni ampea-saa 14 hivi, paneli moja ya wati 100 siku ya jua inairudisha hiyo na zaidi. Masika mawingu yakikaa siku tatu naizima usiku.

Laini mbili. Nilikuwa na laini za kampuni mbili tofauti nikajua nimejikinga, moja ikifa nyingine ipo. Usiku mmoja tuko nangani kusini ya Pangani zote mbili zikafa dakika ileile. Asubuhi nashuka na kidau kuuliza, naambiwa mnara umekosa umeme. Mnara mmoja. Minara mingi siku hizi ni ya kampuni za minara, kampuni za simu zinapanga tu humo kama wapangaji nyumba moja, kwa hiyo laini mbili sio lazima ziwe minara miwili. Sasa kila tunapolala naangalia laini ipi inashika mnara gani, nina daftari, nimeandika Kigombe ipi, Ushongo ipi, Mkoani ya Pemba ipi, Misali upande wa magharibi ipi. Daftari lile siliuzi. Na laini zote zisajiliwe kwa jina lako kwa alama za vidole, hakikisha mwenyewe kwa *106#, laini ya kuazima inaweza ikafungwa uko katikati ya safari.

Na wale mnaopanda kaskazini, Kwale ya huku Tanga, Moa mpaka kule Jasini, muwe macho. Mtandao wa Kenya unaingia mpaka huku kwetu, na ruta haina uzalendo, inashika wenye nguvu. Bando lako la nyumbani halifanyi kazi kule, linakatwa salio. Nililala Moa nina salio, nikaamka sina hata la kupiga simu. Zima roming kwenye ruta yenyewe sio kwenye simu tu, na mtandao uchague kwa mkono.

Jioni saa mbili mpaka saa nne usiku mtandao unakuwa mzito hata namba zikiwa nzuri, mji mzima uko nyumbani unaangalia video. Mi hali ya hewa napakua alfajiri saa kumi na moja, kabla hata chai haijachemka, faili la upepo la siku tatu kwa eneo letu ni dogo sana, linapita hata kwenye mtandao dhaifu, na ramani zote za bahari ziko ndani ya kompyuta tayari, programu ya ramani ya OpenCPN haihitaji intaneti kukuonyesha mwamba.

Jumapili tarehe 12 mwezi wa tano 2024 nilikuwa nangani hapahapa Raskazone peke yangu. Asubuhi intaneti ikakata. Naangalia namba, -81, nzuri kuliko siku zote, lakini hakuna kinachofunguka. Nikajua chumvi imerudi. Nikafungua viungio vyote shetrini, nikatoa tepu zote nilizofunga kwa mikono yangu, shaba safi. Nikabadilisha laini, wapi. Nikapima volti, 12 kamili. Karibu saa sita mke wangu akanipigia, simu ya kawaida, "Baba Rama, una intaneti huko? Huku mjini hakuna mtu mwenye intaneti." Kumbe nyaya mbili za chini ya bahari zilikuwa zimekatika huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, Tanzania nzima na majirani zetu tumezimika au tunakwenda kwa kusuasua. Nimekaa na koleo mkononi, antena inaongea na mnara vizuri kabisa, mnara ndo hauna wa kuongea naye.

Toka siku ile kabla ya kugusa bisibisi napiga simu ya kawaida kwanza kwa mtu wa nchi kavu. Na nikapunguza kiburi cha mtandao. Redio ya VHF ya wati 25 ilikuwa imekaa imefunikwa na mataulo, nikaifunga upya na antena yake, hiyo sasa ndo iko juu kabisa ya mlingoti, kwa sababu boti mbili zinapoongea hakuna mnara wa mita 45 wa kukusaidia, urefu wako ndo kila kitu. Waya wake ni mnene, na masafa ya redio ni ya chini, hauli kama ule wa 4G. Chaneli 16, ile ya kuitana na ya dharura, iko wazi muda wote tukiwa safarini. Wageni wanapiga picha wanatuma kwao, sawa, ila boti ikipata shida katikati ya mkondo wa Pemba, jahazi lililo karibu halitasoma WhatsApp yangu.

Katikati ya mkondo bado kuna shimo lisilo na mtandao, siwadanganyi. Zamani nilikuwa napotea masaa manne matano, sasa hivi kwa upepo mzuri ni kama saa moja na kitu. Mama anajua. Kabla hatujaingia shimoni namtumia meseji naingia, tukitoka namtumia nimetoka, naye anajibu "haya mwanangu," hata kama ni saa tisa usiku anajibu, sijui analala saa ngapi.

Wiki iliyopita nimeanza kuandaa boti kwa kaskazi. Kila mwaka nakata ncha za waya wa antena zote, sentimita tano, hata kama hazina tatizo, nazifunga upya. Nimekata ya kwanza nikachana ganda nikaigeuzia juani, nyuzi zote zinang'aa mpaka ndani. Nikachukua koleo nikahamia ya pili.